Alasiri ya Oveni

Majira yale ya baridi nilikuwa siwezi kukaa kitako. Nikikaa, naona kama nimekalia miiba. Nainuka, nafungua oveni, naifunga, napanda ngazi kumtazama baba, nashuka, nafungua tena. Nyumba yetu ya Walthamstow, London, ilikuwa nyembamba, chumba juu ya chumba, na zile ngazi zilinijua kwa vishindo.

Baba alikuwa amelala juu. Aliletwa kutoka Unguja kupasuliwa tumbo. Akapasuliwa, kidonda kikapona, lakini chakula kikamshinda. Daktari alisema hamruhusu kupanda ndege mpaka aongeze kilo tano. "Mpe chochote anachokitamani," akaniambia. Tatizo ni kwamba baba hakutamani kitu. Supu aliisukuma, uji aliusukuma, wali aliuzungusha kwenye sahani mpaka ukapoa. Nilikuwa na hasira naye, na hofu zaidi ya hasira. Alikuwa akitaka kurudi kwa mama, na kila tulipomrudisha kwenye mizani ya hospitali, alikuwa mwepesi kuliko mara ya nyuma.

Siku moja akasema, bila ya kunitazama, "Wali huu ungelikuwa na achari ya mama yako, ningelikula."

Basi hapo nikapata kazi. Achari za dukani nilimletea namna tatu. Zote alizinusa akazirudisha. Ya mama ilikuwa ya maembe mabichi yaliyokaushwa juani, na jua la London mwezi wa Disemba linachungulia tu, kama mgeni asiyetaka kuvua viatu. Nikaenda mpaka Queensbury, kwa Muhindi mmoja wa Mombasa mwenye duka la mboga.

"Maembe mabichi haya utayafanyia nini, dada?"

"Ya kukausha."

"Kukausha? Jua la wapi hapa?"

"Ninalo jikoni," nikamjibu, nikamwacha anacheka.

Mapishi nilikuwa nayo kwenye kaseti. Mama alinipelekea nilipoolewa, kwa mkono wa msafiri, imejaa achari, visheti na nasaha. Nikaiweka kwenye redio, sauti yake ikajaa jikoni: "Ukishayakata na kuyatia chumvi na manjano, uyaanike ukishaswali adhuhuri, sakafu imeshapata moto. Ikiingia alasiri uyaanue, yasipate umande. Siku tatu hivyo hivyo. Na usiwe na pupa, maana nakujua."

Nikafanya kama nilivyoambiwa, herufi kwa herufi. Nilirudi mbio kutoka kazini, nikaswali adhuhuri, nikapanga vipande kwenye trei, nikawasha oveni moto mdogo kabisa, nikafunga mlango wake. Ratiba ya sala nilikuwa nimeibandika ukutani, juu ya sinki. Adhuhuri saa sita, alasiri kabla ya saa nane. Mswala wenyewe sikuukunja, sala zilikuwa zinafuatana mno. Ikiingia alasiri naanua. Siku tatu. Vipande vilikuwa laini bado, lakini mama kasema siku tatu, na mimi nilikuwa sina subira ya siku ya nne. Nikavitia kwenye chupa na pilipili, thomu, tangawizi na siki, nikazifunga.

Wiki ya pili nikampandishia baba wali na chupa moja, kifua mbele. Akafungua mwenyewe. Akatazama ndani, kisha akanigeuzia chupa nami nitazame. Juu ya achari palikuwa na ukungu wa kijani, mzito kama sufi.

Nilitaka kulia, nikalia. Nikamwambia nimefuata maneno ya mama, sikupunguza wala sikuongeza. Nikamletea redio kitandani asikie mwenyewe.

Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu bega lake likaanza kutikisika, nikadhani kaumwa. Kumbe anacheka, kashika tumbo pale kwenye mshono.

"Umeanua alasiri?"

"Alasiri, baba. Kila siku."

"Alasiri ya wapi? Mama yako anasema alasiri ya kwetu Ng'ambo, Unguja. Hii ya hapa hujamaliza kukunja mswala wa adhuhuri ishaingia." Akapangusa macho. "Na umande wenyewe, mwanangu, uingie vipi ndani ya oveni? Hilo jua lako halichwi!"

Kesho yake nikanunua maembe mengine. Niliporudi kutoka kazini nikamkuta baba jikoni, ameshuka ngazi peke yake, amekaa kwenye kigoda na koti juu ya kanzu. Akaniamuru nitie mwiko kwenye mlango wa oveni, usizibe, mvuke upate njia. Akasema yeye ndiye atakayegeuza. Nikabisha, akanitoa jikoni mwangu mwenyewe.

Akawa anashinda pale, kutwa. Na trei ikawa inapungua. Vipande navipanga mimi, navijua. Nikirudi nakuta mapengo, na baba anatazama dirishani, shavu limetuna. Nilianza kukata maembe zaidi, na kando ya oveni nikawa naacha sahani ya wali, kama niliyeisahau. Sahani nayo ikawa inarudi tupu.

Kwenye mizani akapanda kilo mbili, kisha nne. Hapo ndipo raha yangu ilipoingia mdudu. Nilitaka anenepe, na kila ratili aliyoongeza ilikuwa inamsogeza uwanja wa ndege. Mimi nilitoka Unguja baada ya Mapinduzi, na karatasi nilizokuwa nazo hazikuniruhusu kurudi. Akiondoka, kumwona tena ilikuwa ni kudra tu. Kuna siku nilisimama mbele ya trei na kisu mkononi, nikawaza nisikate. Nikakata.

Kilo ya tano ilipotimia, daktari akasaini ruhusa ya ndege. Chupa zote za achari mpya nilizifungasha mimi mwenyewe kwenye begi lake, nikizizungushia fulana zake. Hata moja sikujiwekea. Uwanjani baba alinibusu kipaji cha uso, akaniambia nisikae kusubiri ndege iruke, nikasubiri. Wiki nzima baada ya pale nilikuwa nikiwasha oveni tupu na kuizima.

Baada ya miezi miwili ikaja kaseti. Mama alianza kwa salamu, akaulizia kila mtu, kisha akasema, "Achari yako imefika. Umeikausha mno, na chumvi imezidi, lakini inalika."

Nyuma yake nikasikia mtu anatafuna, taratibu. Halafu sauti ya baba, mdomo umejaa: "Mwambie alasiri imeshaingia. Aanue, akae kitako."

Nikairudisha kaseti nyuma, nikavuta kile kigoda chake, nikakaa.