Saa Iliyogoma Kasorobo

Jamani, kuna watu hawajui kukiacha kitu kibovu kikabaki kibovu. Fundi Waya ni mmoja wao, na huo ndio ugonjwa wake tangu ujana. Mpe redio iliyokufa, halali mpaka iongee. Pasi, feni, honi ya lori, vyote vimepita mikononi mwake. Jina la Fundi Waya alipewa na mtaa, kwa kuwa alikuwa fundi umeme wa magari, na mfuko wa shati lake haukosi kipande cha waya hata siku ya msiba. Sasa karakana ameiacha, macho yanahitaji miwani, miwani inahitaji kutafutwa, na kazi iliyobaki ni moja tu. Anamtunza mkewe.

Mkewe alikuwa mshonaji, na ulimi wake ulikuwa na makali kuliko mkasi wake. Leo akili inamtoka kidogokidogo. Ilianza kwa kusahau sufuria motoni. Ikaja kwenye majina ya majirani, kisha ikamfikia binti yao wa pekee, yule waliyemwita Chiriku kwa sababu utotoni alikuwa hajui kunyamaza. Chiriku anaishi mbali, ana watoto wake na mvi zake, na akipiga simu mama yake humjibu kwa adabu zote: "Asante kwa kunikumbuka, dada. Wasalimie nyumbani kwenu." Mwisho kusahau kukamfikia mume. Siku hizi mke anamwita dereva. Anamwita kwa heshima kabisa, maana mama yule hakuwahi kumdharau mtu anayefanya kazi.

Na kweli dereva ana gari. Liko uani, la kizamani, jeupe la rangi ya maziwa, lina pua ndefu na vioo vya kuzungusha kwa mkono. Injini imekufa siku nyingi, gari lenyewe limepandishwa juu ya mawe, na paka wa jirani amezalia kwenye buti. Wanunuzi wa vyuma chakavu wamebisha hodi mpaka wamechoka. Lakini enzi zake! Alasiri Fundi Waya alikuwa anafunga karakana, anampitia mkewe kwenye cherehani yake, wanakwenda pamoja kumchukua Chiriku shuleni. Shule ilitoka saa kumi.

Kwenye dashibodi, mbele ya kiti cha abiria, kuna saa ya mviringo yenye mishale. Ilikuwa mvivu tangu ilipozaliwa, kila siku inabaki nyuma. Basi mkewe kila akiingia garini, kabla hata hajafunga mlango, alinyoosha kidole, akabonyeza kile kitufe cha katikati ya kioo, akakizungusha mishale ikasogea mbele, huku mdomo nao unafanya kazi yake: "Saa yako na wewe, Baba Chiriku, ni mama mmoja baba mmoja." Fundi Waya alijibu kwamba ataitengeneza. Aliahidi hivyo miaka nenda miaka rudi. Mganga hajigangi, ndugu zangu. Saa ikaja ikafa yenyewe, mishale ikagoma kwenye saa kumi kasorobo.

Sasa tazama mambo yalivyo. Kila alasiri mama akiamka usingizi wa mchana, anajifunga kitambaa kichwani, anachukua mkoba wake usio na kitu ndani, anatoka uani, anasimama kando ya gari mpaka dereva amfungulie mlango. Anakaa. Anaitazama saa.

"Bado mapema, dereva."

"Bado mapema, mama."

Basi wanakaa. Mama ametulia, mkoba uko mapajani, anaimba kwa pua. Jua likishuka nyuma ya ukuta, anakuwa ameshasahau kilichomtoa ndani, na anakubali kurudi kunywa chai. Hakuna kilio wala ugomvi. Ndiyo nafuu pekee ya siku yao, na ndiyo iliyokuwa inamuua Fundi Waya, kwa sababu alikuwa anakaa bega kwa bega na mwanamke aliyezaa naye, na mwanamke huyo anamhoji kama mgeni.

"Una mke, dereva?"

"Ninaye, mama."

"Mshukuru Mungu. Mtunze."

Hebu niambie, wewe ungejibu nini?

Siku moja akaona kitu. Mkewe alikaa, na kabla ya kusema neno, kidole chake kiliinuka, kikagusa kioo cha saa pale penye kitufe, kikasita, kikarudi mapajani. Hayo tu. Lakini Fundi Waya alihisi moyo unataka kutoka kifuani. Kidole kinakumbuka! Akajiambia kwamba kidole kimerudi kwa sababu kimekuta saa maiti. Saa ikifufuka, kidole kitafanya kazi yake, na kidole kikifanya kazi yake, huenda na maneno yale yakafuata nyuma. Baba Chiriku. Hakutaka zaidi ya hapo. Alitaka kuitwa jina lake na mkewe, walau mara moja, kabla hawajafa.

Shemeji yake, dada wa mkewe, ndiye anayekuja asubuhi kumsaidia kumwogesha mgonjwa. Alipomwona anatafuta bisibisi, akamuuliza anataka kufanya nini. Akamwambia.

"Shemeji, mwenzio ametulia," akasema yule shemeji. "Usimwamshe aliyelala, utalala wewe."

"Natengeneza saa tu, shemeji."

"Saa tu! Wewe lini ulitengeneza kitu tu?"

Hakusikia. Alilala chali chini ya dashibodi, miguu nje ya mlango, mgongo unamlilia kama bawaba kavu. Nyuma ya saa hakuonekani kitu, ni kupapasa. Akaipata nati ya kwanza, ikafunguka kwa vidole. Ya pili ilikuwa imeshikwa na kutu, akaitilia mafuta, akaingoja, akaibembeleza kwa maneno ambayo hangependa shemeji yake ayasikie. Ilipoachia ikamdondokea jichoni, ikabingirika chini ya kiti. Akatoa kibalbu, akachomoa nyaya, saa ikamjia mkononi. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyoitarajia, na alisikitika kuiona ndogo hivyo.

Mezani jikoni aliinua ukingo wa bati unaoshika kioo, kidogo huku, kidogo kule, asije akakipasua. Saa za namna ile hazitiwi ufunguo. Ndani mna springi ndogo inayoachia taratibu, na ikikaribia kuisha, ncha mbili za chuma, zenyewe huitwa platini, zinagusana, umeme wa betri unaingia, springi inavutwa upya, tak! Maisha yanaendelea. Platini za saa ile zilikuwa nyeusi tititi, na waya wa koili inayovuta springi umekatika. Akasugua kwa msasa laini. Akaunga waya kwa risasi ya kuyeyusha, mara ya kwanza waya ukaungua, mara ya pili ukashika. Akatia mafuta kwa ncha ya sindano aliyoichukua kwenye kasha la cherehani la mkewe. Kisha akaunganisha betri. Kimya. Akaigonga kidogo kwa ukucha.

Tak!

Mshale ukaanza kutembea. Fundi Waya alicheka peke yake jikoni mle, na kicheko kikageuka machozi, akayafuta kwa mkono wenye mafuta. Akairudisha saa mahali pake, akaweka betri nzima garini, na hapo ndipo alipokosea. Alifanya kile ambacho fundi yeyote angefanya. Akaipatanisha saa na wakati wa kweli. Fundi hamrudishii mtu saa inayosema uongo, ni aibu. Wala halikumpitia kichwani kwamba mkewe hutoka uani wakati saa kumi imeshapita.

Alasiri ile mama akatoka na mkoba wake. Akafunguliwa mlango, akakaa. Kidole kikainuka, kikafika kwenye kitufe, kikakishika. Mama akainamisha kichwa akasoma mishale, na uso wote ukamporomoka.

"Saa kumi imepita," alisema. Akageuka. "Baba Chiriku! Wewe mwanamume, umekaa tu hapo? Mtoto yuko getini peke yake!"

Alimjua! Macho yalikuwa yale yale, ukali ule ule, mke wake mzima amerudi, anamgombeza. Fundi Waya alitaka kupiga magoti. Lakini mama alikuwa ameshatoka garini, kiatu kimoja kimebaki ndani, anatikisa geti la ua kwa mikono miwili na kulia. "Wenzake wote wameondoka! Atadhani tumemtupa!" Mume akamwambia Chiriku ni mtu mzima sasa, ana watoto. Akatazamwa kama mwizi. Akamwambia basi twende, gari likakataa, maana injini ilikufa zamani. Mama alilia mpaka sauti ikakauka, na majirani wakachungulia juu ya ukuta. Chai haikunywewa. Alipolala, bado mkono ulikuwa unakunja na kukunjua shuka.

Kesho yake Fundi Waya aliirudisha mishale kwenye kasorobo kabla mkewe hajatoka. Utasema, hodari! Hodari wapi. Saa inayotembea hufika. Mama akakaa, akatazama, akasema bado mapema, dereva. Saa ikaendelea na safari yake, tak, kimya, tak. Waya unaoipa saa umeme ulikuwa karibu na goti la Fundi Waya, kuuvuta ni kunyoosha mkono tu. Hakuuvuta. Hili hakumwambia hata shemeji yake. Aliuacha makusudi, akaukodolea macho mshale ukipanda, kwa sababu alitaka kuitwa tena.

Akaitwa. "Baba Chiriku!" Lilimwingia tamu mpaka kwenye mifupa, kisha akauona uso ulioliita, mdomo umepinda kwa hofu, mkono unatafuta mlango kama wa mtu aliye ndani ya nyumba inayoungua. Akajichukia. Tangu azaliwe hakuwahi kujichukia namna ile. Shemeji, ambaye siku hiyo alibaki mpaka alasiri, alipotoka mbio ndani na kumkuta amemkumbatia mkewe getini, wote wawili wanalia, hakukumbusha methali yake. Alimshika tu dada yake mkono wa pili.

Asubuhi iliyofuata Fundi Waya alirudi chini ya dashibodi. Safari hii hakuhitaji bisibisi. Alivuta waya kwa vidole, ukatoka. Saa za namna ile hazifi papo hapo, hutembea kwanza kwa springi iliyobaki, kwa hiyo ikabidi alale pale mgongo wake ukimuuma, aisikilize. Alitamani iendelee. Ilipokata roho, akainuka, akabonyeza kitufe, akaizungusha mishale mpaka saa kumi kasorobo. Mikono ile haikuwahi kuharibu kitu kizima kwa makusudi. Waya aliukunja, akautia mfukoni mwa shati.

Alasiri mama akatoka na kitambaa chake na mkoba wake. Dereva akamfungulia mlango. Kidole kikainuka, kikagusa kioo, kikasita, kikarudi mapajani.

"Bado mapema, dereva."

"Bado mapema, mama."

Mama akaegemea kiti, akaimba kwa pua kipande cha wimbo, akakiacha katikati. Akamtazama yule mwanamume aliye kando yake kwa huruma, maana alimwona ana macho mekundu.

"Una mke, dereva?"

"Ninaye, mama."

"Anakupenda?"

Fundi Waya akaugusa waya mfukoni. "Jana alinigombeza sana."

"Aa! Basi anakupenda," mama akasema, akampigapiga mkono kidogo. "Asiyekujali atakugombeza ya nini? Ukifika nyumbani, mwambie umekuja."

"Nitamwambia, mama," alisema, akageukia dirishani.