Yunuh Aacha Jani

Yunuh alianza kugema utomvu wa miti ya mpira kabla ndevu hazijamwota, na tangu siku hizo hizo alikuwa mtafunaji wa majani ya mti wa kratomu. Kwetu Satun, kusini mwa Thailand, hilo halikuwa jambo la kumnyooshea mtu kidole. Unachuma jani bichi, unavuta ule mshipa wa katikati na kuutupa, maana ukiumeza tumbo linafunga kabisa. Kisha unalikunja, unatafuna, unakunja na uso kwa uchungu wake, halafu unashushia kahawa ya moto. Baada ya muda mfupi mgongo unasahau kazi yote ya asubuhi. Wazazi wa zamani walikuwa wakiuliza kama mposaji anatafuna, kwa sababu mtafunaji hakimbii jua wala jembe. Rokiyoh aliozwa kwa Yunuh kwa sifa hiyo, na baadaye akaijutia kila alipofua shati lenye mfuko uliojaa majani.

Basi mwaka ule majina yao mawili yakatoka, waende Hija. Msikitini, mwalimu wa mahujaji akawaambia bila kupepesa macho kwamba majani yabaki nyumbani. Wakiyakuta uwanja wa ndege kule, alisema, mtajieleza mkiwa ndani. Walipofika uani kwao, Rokiyoh akasimama.

"Baba Sitinoh, nisikilize. Hamu ya nyumba ya Mungu nimeilea tangu usichana wangu. Sitakwenda kule kukuuguza hemani, wewe unavuja kamasi kwa arosto."

"Nani kakwambia nitavuja kamasi?"

"Uliposahau majani siku ya harusi ya kule Phatthalung, ulitoka machozi mpaka bibi harusi akadhani wewe ndiye uliyemlea!"

Yunuh alicheka, lakini maneno yalimwingia. Palepale akasema ameacha, na alipokwisha kusema mbele ya mkewe, hakuwa mtu wa kurudi nyuma.

Kesho yake akaenda kwenye kibanda cha kahawa cha Hemmin, kaka yake Rokiyoh, ambako sahani ya majani hukaa mezani pamoja na birika. Akaisukuma ile sahani. "Leo nipe kahawa tupu, shemeji."

"Kahawa tupu ni ya makarani!" Hemmin akamaka. "Unaumwa?"

"Bwana shamba alituambia mkahawa na mkratomu ni miti ya ukoo mmoja. Basi mimi nabadilisha ndugu kwa ndugu."

"Ndugu gani, wewe! Mmoja anakuamsha, mwingine anakubeba. Utaamka, halafu nani akubebe?" Kibanda kizima kikacheka. Yunuh akanywa kikombe chake, akaagiza kingine, akaondoka na kichwa juu.

Hemmin alikuwa mtani mbaya, lakini alisema kweli. Jani humpa mgema utulivu wa mkono: atakata gome jembamba mti baada ya mti, mwendo ule ule, mpaka mstari wa mwisho. Kahawa ilimpa Yunuh mbio. Macho yalikuwa makavu, moyo unadunda, kisu kinatetemeka. Alfajiri moja kikapita gome, kikaingia kwenye mti wenyewe. Akahamia mti wa pili, kikaingia tena. Jeraha la namna hiyo huacha nundu, na hapo hapagemwi tena. Hakuwa amejeruhi mti tangu alipokuwa mwanafunzi wa baba yake. Alishika lile gome kwa kiganja, akaona aibu kweli kweli.

Lililomtisha zaidi lilikuja mchana wake. Alikuwa barazani na kikombe, akimsikiliza jirani, alipohisi kitu vidoleni. Akatazama. Lilikuwa jani la kratomu. Alikuwa ameshalichuma kwenye mti wa nyuma ya jiko, ameshavuta mshipa, na sasa alikuwa akilikunja, wala hakujua aliinuka saa ngapi. Ndipo alipoelewa upumbavu wake. Maisha yake yote kahawa ilikuwa ya kushushia jani. Sasa kila funda liliuliza jani liko wapi. Alikuwa amemfukuza mwizi akamwachia ndugu wa mwizi funguo.

Akalitupa jani, akaimwaga kahawa. "Mama Sitinoh," akaita, "kuanzia leo nichemshie maji. Maji matupu!"

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mifupa ilimuuma, alipiga miayo mpaka taya likalia, machozi yakamtoka bila msiba, na miguu ikarusha mateke kitandani. Aligombana na kuku. Rokiyoh alimsugua miguu kwa mafuta ya nazi, kisha akachukua kisu akaenda kugema mwenyewe, bila neno la lawama. Kibandani walimbatiza jina Haji Majimoto, naye akaitika. Taratibu usingizi ukarudi. Maumivu ya magoti hayakuondoka, na Yunuh akagundua kwamba hayo hayakuwa ya jani. Yalikuwa ya umri wake, na jani lilikuwa likiyaficha tu.

Siku ya safari uani pakajaa watu. Hemmin akamvuta pembeni, akampa pakiti ya kahawa ya unga, akanong'ona: "Nimechanganya na jani lililosagwa. Harufu ya kahawa imelifunika. Siku miguu ikigoma, kijiko kimoja tu."

Yunuh aliitazama ile pakiti. Alitamani. Tusidanganyane, alitamani mpaka mate yakamjaa. Kisha akaipasua, akaimwaga yote mtaroni, watu wakitazama.

Uso wa Hemmin ukamshuka. "Nilikuhurumia, shemeji."

"Najua. Kama unanihurumia, niombee miguu hii hii. Usinitafutie mingine."

 Hemmin alimkumbatia shemeji yake, akalia waziwazi, mtani yule ambaye hatukuwahi kumwona akilia.

Yunuh akarudi ndani kumchukua Rokiyoh, watu wakaadhini mlangoni, kama inavyofanywa mahujaji wanapotoka. Yunuh akashuka ngazi moja moja, ameshika goti, meno ameyauma. Rokiyoh alikuwa nyuma yake na mkono tayari, lakini hakumshika, kwa kuwa alimwona anaweza.