Halafu Ikawaje?

Juzi nilikuwa Makambako, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikisubiri kupimiwa misumari. Kwenye benchi nilikaa na mama mzazi wa mwenye duka, aliyefika asubuhi hiyo kutoka Mlangali na furushi la maharage mapajani.

"Baba yako mguu umevimba. Sasa hata kanisani haendi," alimwambia binti yake mwenye duka.

"Mh," akajibu binti, macho kwenye simu. Siku hizi anajifunza Kichina humo.

Akaingia Mchina mmoja wa kampuni ya barabara, anataka nati. Binti akaiweka simu chini, akaegemea kaunta, shavu kiganjani.

"Zhen de ma?" akamwambia, macho yanang'aa. "Ranhou ne?"

Mchina akafunguka! Akasimulia kwa mikono, akaonyesha picha ya mtoto, akaondoka anatabasamu, na nati kanunua kuzidi alizotaka.

"Umemwelewa?" nikamuuliza binti.

"Hata kidogo! Lakini mteja anapenda kusikilizwa. Nimemwambia tu, 'Kweli? Halafu ikawaje?'"

Tukacheka, mimi na yeye. Mama hakucheka. Alikuwa anafungua na kufunga fundo la furushi lake.

"Mwanangu," akasema taratibu, "na mimi niulize hivyo hivyo. Hata kwa Kichina."

Binti akainama chini ya kaunta, eti anatafuta kitu. Ningependa sana kumsema hapa. Tatizo ni kwamba mimi ndiye niliyekaa benchi moja na yule mama, na swali pekee nililouliza lilimhusu Mchina.