Upawa wa Jua la Wachina

Wiki iliyopita mjukuu wangu aliusahau upawa juu ya jiko la mkaa, akaenda zake kuchezea simu. Nilikuwa chumbani, nikaisikia harufu kabla sijauona moshi: rangi ya zamani inayoungua juu ya bati, harufu kali ya kukwaruza koo. Nilitoka nikipiga kelele hata jirani akafungua dirisha. Mtoto wa watu akadhani nimepandwa na kichaa. "Bibi, si upawa tu!" Upawa tu. Ngoja niwaambie ninyi, maana yeye hana muda wa kunisikiliza.

Nianze na jambo moja ili msije mkanihurumia bure: nilikuwa mtoto mwenye roho mbaya. Bibi yangu mzaa baba ndiye aliyenifundisha, nami nilikuwa mwepesi wa kushika masomo.

Baba yangu na mdogo wake, Lazaro, waliondoka kwetu kwenye miteremko ya Meru siku moja, kwa lori moja, kwenda kwenye vita vya Mwingereza. Walipelekwa Burma. Aliyerudi ni Lazaro peke yake. Kabla yake ilitangulia barua ya serikali, mwinjilisti akatusomea: baba amefariki kwa ajali ya moto akiwa kazini. Basi. Hapakuwa na maiti wala kaburi. Bibi aliikunja ile karatasi akasema, "Ndugu wawili wakipanda lori moja akarudi mmoja, muulizeni aliyerudi."

Lakini kumuuliza haikuruhusiwa bado. Katika ukoo wetu, habari za mtu aliyefia mbali hazikusemwa vipande vipande. Zilingoja siku ya kuzika mgomba. Wanaume hukata shina la mgomba lenye kimo cha marehemu, hulivika shuka, hulilaza kaburini ndani ya kihamba chake, shamba la migomba la nyumbani kwake, na yule aliyekishuhudia kifo husimama akasimulia mara moja, mwanzo hadi mwisho. Wazee wakimwamini, hubaki na kuwatunza watoto wa ndugu yake. Wasipomwamini, hufungasha. Babu alisema tungoje kahawa yote ivunwe. Kwa hiyo baba mdogo Lazaro alikaa miezi kadhaa nasi akiwa ameufunga mdomo juu ya jambo hilo moja.

Juu ya mengine yote hakuufunga. Alizungumza kuhusu ndege, na si ndege za Waingereza ambazo tuliwahi kuziona zikipita juu ya Arusha. Za Wachina! Jioni, akichambua kahawa, alisema Mchina alianza vita na Mjapani akiwa na ndege za mbao na turubai, nyingi zikaangushwa kama kwale. Baadaye Mwamerika akawapa za chuma, nyingine zimechorwa puani mdomo wa samaki mwenye meno kama fisi. Vijana wa Kichina walizipokea India wakazirusha kwao kupitia milima ambayo, alisema, Meru ikisimama kando yake utaiona kichuguu. Nyingi zilipotea kwenye ukungu, zikaanguka. Na kila moja ilibeba bawani jua jeupe lenye miale kumi na miwili, ndani ya duara la bluu.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Turubai liruke! Na kilichowaudhi zaidi ni kile kichuguu. Mwalimu wetu alikuwa na picha ukutani, ndege za mataifa yaliyopigana upande wetu, ya Mchina haikuwamo. Nilipomuuliza, alijibu mbele ya darasa zima, "Mchina ana vikombe." Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka kuliko wote. Nilikimbia nyumbani na neno hilo nikampelekea bibi kama zawadi.

Nilimchukia Lazaro, na sitatafuta neno laini zaidi. Nilimchukia kwa sababu alikuwa na mabega ya baba na kikohozi cha baba, na asubuhi, kabla sijaamka vizuri, kikohozi kile kilinidanganya. Nilimchukia kwa kuwa walisema atapewa kihamba chetu akiaminiwa, na mama pia. Basi nikakataa kumwamkia. Mnaojua kwetu mtaelewa uzito wake. Mtoto wa kike wa miaka tisa akipishana na baba yake mdogo mlangoni bila shikamoo! Angeweza kunichapa na hakuna ambaye angemlaumu. Alisimama tu kidogo, akingoja, kisha akapita.

Nyuma ya mlango wa kibanda chake, chini ya blanketi la jeshi, alitundika kipande cha bati jepesi, kikubwa kama sinia, chenye lile jua jeupe juu ya bluu. Ukingoni palikuwa na mstari wa matundu madogo ilimokuwa misumari yake. Alituonyesha watoto mara moja, akasema tusikiguse. Nilipomweleza bibi, alitema mate chini. "Amemuuza kaka yake kwa kibati."

Kauli hiyo ndiyo iliyonitosha. Siku iliyofuata baba mdogo akiwa shambani, nilikichukua, nikakifunga ndani ya majani ya mbuzi, nikakibeba kichwani hadi kwa mhunzi kule mtoni. Upawa wa kibuyu wa mama ulikuwa umepasuka. Nilimwambia mhunzi atengeneze upawa, kitakachobaki ni chake. Mzee yule hakuwa mtu wa maswali. Alikikata, akakitia motoni, na rangi ikaungua mbele ya macho yangu, jua likajikunja na kuwa jeusi. Harufu ile ilinifurahisha. Nilisimama pale nikiivuta kama mtu anayevuta harufu ya nyama.

Mama alipouliza, nilimjibu kwamba mhunzi amenipa kwa kumsaidia kuvuta mivukuto. Aliugeuza upawa, akanitazama, akauweka jikoni.

Ikafika siku ya mgomba. Ukoo mzima ulijaa kihambani. Mwinjilisti alikuja pia, akakaa pembeni akiikagua mikahawa kwa bidii kubwa ili asione kinachozikwa. Shina la mgomba lilikuwa refu, maana baba alikuwa mrefu. Lilipovikwa shuka, mama alilia kwa mara ya kwanza tangu barua ile.

Baba mdogo Lazaro aliingia kibandani mwake kwenda kuleta kitu. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka, mikono ilikuwa mitupu. Hata hivyo alisimama kando ya kaburi akasimulia.

Alisema walikuwa wakitengeneza barabara ya malori, ukungu umefunika kila kitu. Ndege ya Mchina iliyopotea njia ikashuka ikikohoa, ikaangukia tumbo karibu nao. Askari wote walijilaza chini kama walivyofundishwa. "Na mimi nililala," alisema. "Kaka alikimbia." Baba alimvuta rubani kutoka ndani, kijana mdogo tu, akamsukuma mtaroni. Hapo tangi likapasuka. Moto haukumpa nafasi ya kuruka yeye mwenyewe.

Siku chache baadaye rubani yule, mikono yake ikiwa imefungwa bendeji, alilirudia bawa lililobaki. Akakata kwa mkono wake lile jua la nchi yake. Akampa Lazaro kwa mikono miwili, akainama mpaka chini, akaonyesha kwa ishara: kipelekwe nyumbani kwa marehemu. "Nilikileta kizikwe hapa," alisema baba mdogo, "kwa sababu mwili sikuweza."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya bibi, nimeshika shuka lake. Nilijua ni kweli. Msinitetee kwa utoto. Kila neno nililijua kuwa kweli, kwa sababu kukimbia namna hiyo, bila kufikiri, ndivyo alivyokuwa baba yangu.

Mzee wa ukoo akauliza, "Hicho kibati kiko wapi?"

"Hakipo, kama Wachina wake wenye ndege!" bibi akadakia, na wengine wakaguna.

Wakati huo mama alikuwa akiwapakulia wazee loshoro, mahindi ya maziwa mgando, kutoka kwenye chungu. Baba mdogo aliutazama mkono wa mama. Akasogea, akauchukua ule upawa taratibu kama mtu anayetaka kujipakulia mwenyewe. Akaugeuza. Kidole gumba chake kilipita juu ya mpini, kwenye mstari wa matundu madogo. Kisha akaniangalia mimi, si bibi, si mama. Nilimkazia macho. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa tayari kukana mpaka kesho.

Aliurudisha upawa mkononi mwa mama.

"Nilikipoteza, mzee," alisema. "Njiani, kwenye meli."

"Na watoto hawa walikiona lini?" mzee aliuliza, maana habari zilikuwa zimeshaenea.

"Waliona kifuniko cha sufuria. Niliwadanganya."

Hapo wakamzomea. Aliyedanganya watoto kuhusu kibati, walisema, atashindwaje kudanganya kuhusu moto? Ukoo ulimkatalia. Asubuhi yake alijitwika blanketi lile la jeshi akauzunguka mlima hadi Oldonyo Sambu, kwenye vumbi na upepo, akalima mahindi na kufuga mbuzi kwa watu wasiomjua. Bibi alipika siku hiyo. Mimi nilikula, nikashiba, nikajiona nimeshinda. Nilijiambia: kumbe ni mwongo kweli, tena mwoga, hata kibati chake ameshindwa kukitetea.

Niliishi na ushindi huo muda mrefu. Niliolewa, nikazaa, habari ikaja kwamba Lazaro amefariki Oldonyo Sambu, nikatuma salamu za rambirambi kupitia mtu mwingine. Ndipo mama, akiwa mgonjwa kwangu hapa Sekei, aliponiomba nimletee uji, akauona ule upawa nikiukorogea.

"Bado una bluu chini ya mpini?" aliuliza.

Nilidhani homa inampanda. Akaniambia kwamba alfajiri ile kabla ya kuondoka, Lazaro alipitia jikoni kwake. Alimwomba asiuweke upawa karibu na moto, kwa sababu pale mpini ulipokunjwa imebaki rangi kidogo. Mama alimlilia arudi kwa wazee aseme nani alikichukua. Naye alijibu, "Shemeji, mimi nimeshazoea kutoaminiwa. Mtoto bado hajaanza."

Mama naye hakusema. Alinichagua mimi, na mpaka leo sijui kama nimshukuru.

Jana niliukwangua ule upawa. Chini ya mkunjo, mjukuu wangu hakuimaliza rangi: bluu ipo, ndogo kama punje ya mtama. Nitaupeleka kihambani, karibu na mgomba wa baba, ulikotakiwa kwenda tangu mwanzo. Ni rahisi, siku moja ya safari. Lile jingine silipatii dawa. Tangu alipotoka vitani mpaka anaingia kaburini, baba mdogo Lazaro alisimama mbele yangu mara nyingi akingoja kidogo, na sikumwamkia hata mara moja.