Hooyo Alipoomba Mpira

Nilizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Ifo, nikasoma Ifo, na sasa nafundisha darasa la sita papo hapo Ifo. Mwaka jana mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniambia kwamba kuanzia siku ile mimi ndiye msimamizi wa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu. Nikamwambia sijawahi kucheza mchezo wowote maishani mwangu.

"Basi mtajifunza pamoja," akasema, akanikabidhi mipira miwili na filimbi.

Tulichojifunza kwanza ni kushindwa. Wasichana wangu walikuwa na mbio, na vumbi halikuwatisha, lakini mpira ukiwafikia mikononi waliutupa kama kaa la moto. Mechi ya kwanza tulifungwa mpaka mashabiki wa wenzetu wakatuonea huruma, wakaanza kutushangilia sisi.

Siku hizo mwalimu mmoja kutoka Mwingi alikuwa anamaliza mkataba wake. Akiwa anafunga mizigo aliniachia kitabu: mwanamke fulani amesimulia maisha yake, jinsi alivyocheza mpira wa kikapu tangu utotoni, akaolewa, akaacha, kisha akarudi uwanjani akiwa mama wa watoto wanne. Nilikimaliza kwa siku mbili. Nilisoma nikitembea, nilisoma nikisubiri maji mferejini. Sikujua kwamba mtu anaweza kueleza tu jinsi anavyofunga kamba za viatu, nawe ukahisi moyo unakwenda mbio.

Nilitamani mama yangu naye akisikie. Hooyo hasomi Kiswahili, kwa hiyo kila siku baada ya swala ya alasiri nilikaa naye nikimtafsiria kwa Kisomali, ukurasa baada ya ukurasa, huku yeye akikoroga unga wa anjera ya kesho. Hooyo si mtu wa maneno mengi. Mimi nilimjua kama mwanamke wa foleni ya mgao, wa kuuza chai sokoni, na wa goti la kushoto lililokataa kukunjika. Alisikiliza kimya siku tatu nzima, mpaka tulipofika mahali mwandishi anapoeleza alivyofundishwa kurusha.

"Hapo umekosea," akasema.

"Nimekosea nini?"

"Umesema mpira unakaa kwenye kiganja. Kiganja hakigusi mpira. Ni vidole."

Nikarudi kwenye kitabu. Kweli, kiliandikwa vidole. Kiganja nilikitia mimi.

"Hooyo, umejuaje?"

Akafuta mikono yake taratibu. "Nilicheza."

"Ulicheza nini?"

"Huo huo mpira. Mogadishu, kabla ya vita. Timu ya shule, halafu timu ya mtaa. Goti hili unalonipaka mafuta, unadhani niliumia wapi?"

Maisha yangu yote nilidhani aliumia akikimbia vita.

"Niliruka, nikaanguka vibaya," akasema. Kisha nikaona kitu ambacho sikukizoea, tabasamu la majivuno. "Lakini mpira uliingia."

Nilipiga ukelele hata jirani akachungulia kuuliza kama kuna msiba. Nikamwuliza Hooyo kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo. Akasema hakuna aliyemwuliza, na walipofika hapa kulikuwa na mengine mengi ya kuzungumza.

Kesho yake alikuja uwanjani na jilbabu yake na ndala. Wasichana walimsalimia kwa adabu, wakidhani ameniletea chakula. Akanyoosha mkono. "Nipeni mpira."

Wa kwanza uligonga ringi ukatoka nje. Wa pili haukufika kabisa, na wasichana wakainamisha macho wasimwaibishe mzee. Hooyo akavua ndala, akasimama pekupeku kwenye mchanga wa moto, akadunda mara mbili, akarusha. Mpira ulipita katikati ya ringi bila kuigusa.

"Ayeeyo, tena!" wakalia wote kwa pamoja, wakimwita bibi. "Tena, Ayeeyo!"

Tangu siku hiyo filimbi ilikuwa yake. Aliwafundisha kushika, kupasiana, kutazama kabla ya kutupa. Msichana wetu mrefu, aliyeuogopa mpira kuliko wote, Hooyo alimkalisha pembeni akamfanya aushike tu, jioni nzima, mpaka auzoee.

Kisha tukapanda lori kwenda kucheza na wenzetu wa kambi ya Hagadera. Tulienda nao sawa, kikapu kwa kikapu, na mimi nilikuwa nimeng'ata kucha zote. Dakika za mwisho mpira ukatoka nje, na refa, kijana kutoka Garissa mjini, akawapa wao. Hooyo akasimama na kumwaga Kiswahili chake cha sokoni:

"Refa! Hiyo bira ni yetu! Macho yako iko wapi?"

"Mama, tafadhali kaa."

"Mimi nakaa. Wewe simama fizuri!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, refa naye akacheka, ila hakubadilisha uamuzi. Lakini wasichana wetu waliupokonya mpira ule ule, ukapita mikono mitatu, ukamfikia yule mrefu. Hakuutupa. Aliushika kwa vidole, akatazama, akarusha. Ukaingia, na filimbi ya mwisho ikalia.

Sikumbuki nilivyofika katikati ya uwanja. Nakumbuka nimemkumbatia Hooyo na wasichana wametuzunguka, sote tumejaa vumbi na machozi.

Wakati wa kurudi dereva alimpa Hooyo kiti cha mbele, akakikataa. Akakaa nyuma na wasichana, akabishana nao kila pasi, kila kosa, mikono ikiruka hewani. Nikamtazama, nikahisi nakutana kwa mara ya kwanza na msichana wa miaka kumi na minane aliyekuwapo kabla yangu. Nilikuwa nikidhani historia yetu inaanzia kwenye kukimbia. Kumbe kabla ya kukimbia palikuwa na mchezo.

Sasa kila Alhamisi nami nacheza na walimu wenzangu wa kike. Kurusha bado sijui vizuri, na Hooyo hanifichi. Lakini nikiruka juu, hata nikikosa, najua nimezaliwa na nani.