Kiti cha Kuinukia

Siku yangu ya kwanza kazini katika duka la dawa kule Bugolobi, Mfamasia Mkuu hakunionyesha rafu. Alinionyesha kiti cha mbao. "Anayerudia dawa ya muda mrefu akae hapa kwanza," alisema. "Kuuza ni dakika moja. Dawa itakaa naye miaka."

Sindano za kisukari zinazopunguza uzito zilipofika, nilikielewa kile kiti. Sindano hizo huiga homoni ya utumbo, yaani ujumbe unaouambia ubongo kwamba tumbo limeshiba. Sukari hushuka, mwili hupungua. Lakini zinaweza kuleta mawe kwenye nyongo, mara chache uvimbe wa kongosho, na asiyekula vizuri hupoteza misuli pamoja na mafuta.

Mama Neema, Mkongomani aliyeuza samaki sokoni Ggaba, alikuwa amekatwa kidole cha mguu kwa sababu ya kisukari. Sindano ikaituliza sukari yake. Kisha binti yake akaposwa na kijana Mganda, na siku ya kwanjula, sherehe ya kuwapokea wakwe, ikakaribia.

"Musawo," aliniita kwa Kiganda, kama daktari, "niongezee kipimo. Gomesi, gauni la sherehe, inataka kiuno."

Nikamwomba ainuke kitini bila kushika kitu. Akanyanyuka nusu, akarudi chini. Akajaribu tena, akashindwa. Akakiri kwamba siku hizi anashinda na chai tu, samaki wote huishia kwa wateja.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kuongeza kungemmaliza nguvu. Kuacha ghafla kungerudisha sukari, na mguu ungekuwa hatarini.

"Na nikijidunga miaka kumi, itakuwaje?" aliuliza.

Mfamasia Mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikuwa ametufundisha kutamka tusilolijua kwa sauti ileile ya tunalolijua.

"Sijui, mama. Ninachojua ni kwamba leo sikuongezei."

"Basi nitapata kwingine."

"Utapata. Lakini siku ya kwanjula utapiga magoti, kama ilivyo desturi, kuwasalimia wakwe. Nani atakuinua mbele yao?"

Alijaribu kuinuka mara nyingine, akakaa. Kisha akaniacha nimpigie daktari wake. Daktari akapunguza kipimo, akaagiza samaki, maharagwe na mazoezi ya kuinuka.

Baada ya sherehe alirudi na sato aliyekaushwa. "Nilipiga magoti," alisema, "nikainuka mwenyewe. Gomesi ilibana kidogo."

Sasa nimestaafu, naishi Kyambogo, na sindano ile najidunga mimi. Swali lake la miaka kumi bado sijalijibu. Kila Jumapili nakaa kwenye kiti kile walichonipa dukani nilipoaga kazi, nakunja mikono kifuani, nainuka.