Nyigu wa Juu ya Kioo

Kinyozi mmoja aliandika hadithi za kusomwa redioni kila wiki, na zote alizipata kwa wadudu wa chumbani mwake mwa kazi. Mende aliyejifanya amekufa mpaka ufagio upite alimpa wazo la mume mlevi. Sisimizi wawili waliogombea punje ya sukari wakawa mawifi. Wasikilizaji walimsifu kwa kuwajua binadamu. Yeye binadamu alikuwa akiwajua kwa visogo tu.

Kisha nyigu akaja kujenga juu ya kioo. Alibeba udongo kutwa nzima, akataga mayai, akajaza viwavi ndani kuwa chakula cha watoto, akaziba mlango, akaenda zake. Kinyozi alimkodolea macho hata akamwondolea mteja mmoja masharubu aliyotaka yabaki. Wiki ile redioni akasikika mama aliyewajengea wanawe nyumba, akawawekea chakula, akafunga mlango, asirudi tena.

Mama yake mzazi alisikiliza pamoja na majirani. Kesho yake hakupokea simu, wala kesho kutwa. Kinyozi, ambaye utotoni aliachwa kwa bibi yake, mama alipokwenda kutafuta kazi mbali, hakuelewa kosa lake. Wadudu alikuwa mwepesi wa kuwaelewa. Roho ilimuuma, na walioumia zaidi ni wateja.

Jumamosi mama akaingia mwenyewe, akakalia kiti cha kunyolea.

"Umeniandika."

"Mama, ni nyigu."

"Mimi nyigu?"

"Yule aliyejenga pale." Akamwonyesha kwa mkasi.

Mama akavaa miwani, akalikagua tope lile kama mtu aliyeletewa mkwe asiyemtarajia.

"Na watoto wakitoka, humtafuta?"

"Hawamjui. Anakuwa ameshaondoka."

"Wewe ulinijua?"

Kinyozi akapuliza mashine ambayo haikuwa na unywele hata mmoja. "Siku uliporudi nilijificha nyuma ya bibi."

"Najua. Niliiona miguu yako. Ila nilirudi. Hilo mbona hukuliandika?"

"Nyigu harudi, mama."

"Mimi nilirudi," akasema tena. Kinyozi akamfunga shuka ya wateja shingoni, kwa kukosa la kufanya.

Wiki iliyofuata akaongeza sehemu ya mwisho: mama wa hadithini alirudi, akabisha hodi kwenye mlango alioufunga mwenyewe. Mtu wa redio alipiga simu kulalamika: mwisho gani huo, nani atauamini? Kinyozi akamwomba asubiri kidogo, kuna simu nyingine inaingia, ya mama yake.